Nambari Iliyokwenda kwa Baba

Huyu Gilbert! Nikikumbuka ile Jumatatu bado natamani kumzaba kofi. Lakini kosa lilikuwa langu pia, acha niseme ukweli.

Gilbert ni Mkenya mwenzangu hapa Riyadh. Kazi yake ni kutembeza wageni, wanne au watano kwa safari, kwenye mtaa wa kampuni za teknolojia kaskazini mwa mji. Kwetu mtu hulipa kuona simba. Hawa hulipa kuona watu wakibonyeza kompyuta. Asubuhi ile dereva wake aliamka na homa, akanipigia. "Laban, niokoe ndugu yangu. Leo tu."

Mimi ni dereva wa nyumbani, mtaa wa Al-Naseem. Ikama yangu, kile kibali cha kuishi hapa, inasema namfanyia kazi kafili wangu, bosi aliyenidhamini, na si mtu mwingine. Ukikamatwa ukimfanyia mwingine, unapandishwa ndege. Na wiki ile sikuwa na nafasi ya kucheza: Alhamisi baba, ndivyo ninavyomwita bosi wangu, alikuwa anihamishie Jeddah nikawe dereva wa kaka yake. Mke wangu Hannah anafanya kazi za nyumbani huko Jeddah, mtaa wa Ruwais. Miaka miwili na nusu tuko nchi moja na sijamshika hata mkono.

Sasa mbona nilikubali? Kwa sababu nilipougua ni Gilbert aliyeniletea uji wiki nzima. Tena baba alikuwa amenituma gereji ya Al-Suwaidi kubadilisha oili ya gari lake, na kazi iliisha mapema. Nikajiambia, nani atajua? Dereva si hubaki garini?

Jengo la kwanza, sawa. La pili, sawa. Mimi nimekaa kwenye gari la Gilbert natafuna karanga zangu. La tatu, mlinzi akagonga dirisha. Sheria mpya: hakuna dereva kubaki nje, wote ndani, wote waandikishwe. Akachukua ikama yangu, akabonyeza mashine yake.

"Ngoja nambari ya siri. Inakuja kwa simu."

Nikatazama simu yangu. Kimya. Hapo ndipo nilipokumbuka, na jasho likanitoka na ile baridi yote ya gari. Siku niliyofika nchi hii sikuwa na laini, kwa hiyo baba aliandikisha ikama yangu kwa simu yake. Miaka yote niliogopa kumwomba tubadilishe, asije akadhani napanga kutoroka. Wengi wetu tuko hivyo hivyo.

"Gilbert, tuondoke," nikamnong'oneza.

"Tulia bana, ni nambari tu."

Nambari tu! Ningemtafuna mzima mzima. Simu ikalia. Baba.

"Laban, wewe wapi?"

"Gereji, baba. Al-Suwaidi." Ulimi ulisema wenyewe, sikuutuma.

Nikasikia kijiko kikikoroga chai. Kisha akanisomea polepole: nne, sifuri, saba, moja. "Wape hao watu wa gereji," akasema. "Yalla, haraka." Akakata.

Nikamtajia mlinzi, geti likafunguka. Ndani roboti iliwaletea wageni kahawa, wakaipiga picha wakicheka, na mimi nahesabu dakika za kurudi nyumbani. Labda hakusoma ujumbe wote. Labda aliona nambari tu. Niliomba Mungu njia nzima mpaka Al-Naseem.

Nilimkuta baba sebuleni. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alinigeuzia simu nione: jina la jengo, saa, jina langu.

"Nisamehe baba. Rafiki aliniomba, ni mara moja tu."

"Ungesema uko pale, ningekasirika, basi. Lakini nimekuuliza, ukanidanganya, na ukweli niko nao mkononi. Kaka yangu ana mabinti wa kupeleka shule. Nimpe mtu kama wewe?" Akanyoosha kiganja. "Ufunguo. Jeddah mafi, hakuna tena. Alhamisi ni Nairobi. Halas, imeisha."

Niliweka ufunguo pale, nikaenda chumbani kwangu nikalia kama mtoto, siwafichi. Ujumbe ukaingia. Hannah.

"Madam amenipa Ijumaa yote, na jikoni ameniruhusu! Nakupikia samaki. Utafika saa ngapi?"

Niliandika "mapema", nikafuta. Uongo mmoja kwa siku ulikuwa umetosha. Nikampigia, na niliiogopa simu hiyo kuliko ile ya baba. Haikuita hata mara mbili, alipokea akicheka.