Hakuna Kuruka Shimoni

Jumatatu asubuhi Hilaria alipanda ngazi za ofisi yao pale Majengo, juu ya duka la vipuri, akiwa amevaa sweta mbili. Mwezi wa sita Sumbawanga baridi haina mzaha. Ofisi ilikuwa ya watu wawili tu: yeye na bosi wake Lwitiko, mtu wa Mbeya aliyeacha ajira ya serikali akafungua kampuni ya kushauri viwanda kuhusu usalama kazini. Mjini wengi walikuwa hawajaielewa kazi hiyo. Wengine walidhani wanauza kofia za plastiki, wengine waliwaita walinzi.

"Wiki hii nakupa kiwanda cha alizeti cha Mzee Baltazari," Lwitiko alimwambia. "Wana shimo la maji machafu. Kuna mtu wao anashuka kulisafisha hivi hivi tu, na kaptura."

Hilaria aliandika jina la kiwanda daftarini. Baba yake alifia kisimani huko kijijini, akimfuata mdogo wake aliyeshuka kufukua tope akaishiwa nguvu. Maji yalikuwa ya magotini. Hawakuzama, waliuawa na hewa. Hilaria alikuwa msichana wa shule ya msingi, na tangu siku ile alitaka kujua hewa inamuuaje mtu mzima mwenye nguvu zake. Alisoma mpaka akajua.

Jumanne alikusanya wafanyakazi nyuma ya kiwanda, kando ya shimo lenyewe. Maji ya kuoshea mitambo yaliingia humo pamoja na mabaki ya alizeti, yakaoza, na pampu ikayavuta kuyatoa nje.

"Mtu akianguka humo ndani," aliuliza, "nani atashuka kumuokoa?"

Mikono ikanyooshwa. Calvin, kijana wa mashine ya kukamua, alinyoosha yote miwili, maana aliyekuwa akishuka shimoni siku zote ni kaka yake, Polikarp.

"Basi wote mmekufa," Hilaria alisema.

Wakacheka. Masunga, msimamizi wao, hakucheka. "Dada, samahani. Mwenzangu anakata roho chini ya miguu yangu, unataka nisimame nimwangalie?"

"Nataka umvute. Ukiruka, nani atakuvuta wewe?"

Kisha akawaeleza habari za baba yake, bila kuzipamba. Alipomaliza hakuna aliyecheka tena.

Wakaanza mazoezi. Alikuwa amekuja na fremu ya chuma ya miguu mitatu ya kusimamisha juu ya shimo, yenye kamba na mpini wa kuzungusha, mkanda wa kumfunga anayeshuka kifuani na mapajani, na kipima gesi kinacholia hewa ikiharibika. Walifunga gunia la mahindi, wakalishusha, wakalipandisha, wakalishusha tena. Mzee Baltazari, mwenye kiwanda, alikuja akinung'unika kwamba mashine zimelala. Jumatano alikuja tena, safari hii akauomba mpini ajaribu mwenyewe, akazungusha mpaka jasho likamtoka katika baridi ile. Hilaria akawaachia vifaa, akasema shimo watalisafisha pamoja Ijumaa.

Lakini Alhamisi, Hilaria akiwa Kasesya mpakani kukagua upakiaji wa malori, simu ikaita. Alikuwa Rosina, mtunza stoo wa kiwanda.

"Dada, pampu imeziba, maji yanarudi kwenye mitambo. Tumeivuta haitoki. Masunga anauliza washuke au wakusubiri?"

Hilaria alitaka kusema nisubirini. Alifikiria vile walivyofanya mazoezi, akamtaka Masunga kwenye simu. "Pulizeni hewa kwanza kwa feni ya kupepetea alizeti. Pimeni. Polikarp afungwe mkanda, ashuke na kipima gesi shingoni. Kamba isiachwe hata kidogo. Na Rosina asikate simu."

Akasimama kati ya malori, sikio moja ameliziba kwa kiganja. Alisikia feni. Alisikia Masunga akisoma kipimo: safi. Rosina akamwambia, "Ameshuka. Yuko chini. Anachokoa tope sasa."

Halafu kipima gesi kikalia, mlio mkali unaokata maneno. Tope lilipochokolewa lilikuwa limetapika gesi iliyojificha chini.

"Ameinama, dada," Rosina alisema. "Hajibu. Calvin anataka kuruka! Jamani Calvin!"

Hilaria hakuweza kufanya lolote. Dereva mmoja alimwuliza jambo, hakumsikia. Kwenye simu Calvin alikuwa akilia na kutukana, "Niachie! Ni kaka yangu, niachie!" na sauti ya Masunga ikapaa juu ya zote: "Hakuna kuruka! Mzee, zungusha! Zungusha!"

Mpini ulilia kwikwi, kwikwi. Hilaria akajikuta mkono wake mwenyewe unazunguka hewani.

"Kichwa kimeonekana," Rosina alisema. "Wamemshika. Wamemlaza." Kisha akaanza kucheka na kulia pamoja. "Anakohoa, dada! Anakohoa!"

Hilaria akaketi palepale kwenye vumbi, na sketi yake ya kazini.

Ijumaa alimkuta Polikarp hospitalini, kichwa kinamuuma lakini analalamikia uji kwamba hauna sukari. Calvin alikuwa pembeni ya kitanda, ameinamisha macho.

"Nilimng'ata Masunga mkononi," alisema. "Hakuniachia."

"Nikuachie uende wapi?" Masunga alijibu kutoka mlangoni, na bendeji yake. Mzee Baltazari naye alikuwepo, akimwonesha kila nesi aliyepita viganja vyake vilivyochubuka, kama mtu aliyeshinda kombe.

Jumamosi Mzee aliwaalika wenye viwanda vya jirani na watu wao. Uwanja ukajaa. Hilaria alikuwa ameandaa maneno, lakini Masunga alimwomba amwachie yeye aanze. Akasimama kando ya shimo, akafunga mkanda, akaonesha kamba, akaeleza gesi inavyojificha chini ya tope. Mtu mzima mmoja akanyoosha mkono, akauliza: mwenzako akifa mbele yako, utasimama tu?

"Utasimama," Masunga alisema, "na utavuta. Muulizeni Calvin kama ana kaka."

Calvin akasimama, machozi yanamlengalenga, akasema anaye.

Lwitiko, aliyekuwa amekuja kutazama, alimwinamia Hilaria. "Huyu jamaa umempata wapi? Tumwajiri."

"Nimemfundisha mimi," Hilaria alisema, kwa sauti kubwa hata waliokaa mbele wakageuka kumtazama, na hakuona haya hata kidogo.