Mtoto wa Pamba

...ulimfundisha au hukumfundisha, ndivyo Sista Wilhelmina, mkuu wa chuo, alivyouliza, na wajumbe wote wa kikao cha nidhamu wakamgeukia Mwalimu Rutashobya, yeye akisema ndiyo, basi Ng'washi anafukuzwa chuo leo hii, na kumfundisha si alimfundisha, daftari la alama hili hapa, Ng'washi Kashindye, mwaka wa pili, tisini na mbili, hatua zote za kumpulizia pumzi mtoto aliyezaliwa bila kulia, neno kwa neno kama alivyoziandika ubaoni, rudisha kichwa nyuma kidogo, puliza kidogo... "Samahani Mwalimu, kidogo ni kiasi gani?" msichana aliuliza siku ile, naye akamjibu kidogo ni kidogo, kaa chini, huku mwanasesere wa plastiki wa kufundishia, shingo inakunjika, kifua kinapanda ukimpulizia, amelala kabatini ndani ya nailoni tangu mwaka sabini na moja, asichafuke, atolewe wageni wakija, na ufunguo anao nani kama si yeye... "Mwalimu, tunakusubiri," naam Sista, naam, lakini anachokiona ni yule mtoto wa kitambaa, Ng'washi kamshona mwenyewe bwenini, kamjaza pamba ya kwao Kwimba, wasichana wanapokezana kumpulizia, naye Mwalimu akamnyakua, "Mmekuja kusoma uuguzi au kucheza baba na mama?" darasa likaangua kicheko, Ng'washi naye akacheka, ndilo linalomchoma sasa, alicheka... na siku ya Jumanne Ng'washi akajikuta peke yake wodini na mtoto wa kweli, wa Leonsia Mihayo aliyevuka ziwa kutoka Kamanga, akaikunja ile shingo mno kana kwamba ni ya mtu mzima, akapuliza kwa nguvu zake zote, kwa kuwa hakuna aliyemwonyesha kwamba ni pumzi ya mashavuni tu, na yule mtoto hakupata hata jina, yeye Rutashobya asiyekosea jina la mtu aliandika kwenye daftari la wodi "mtoto wa kiume wa Leonsia", akaishia hapo, wakamrudisha na kivuko amefungwa kwenye khanga... "Alinifundisha," nani huyo, ni Ng'washi, amesimama mlangoni, mikono nyuma, "Mwalimu alinifundisha vizuri, Sista, kosa ni langu," hata hakuulizwa, anamkinga, mtoto wa watu anamkinga yeye, ee Mungu wangu, hakumfundisha, alimkaririsha, plastiki aliitunza na roho ya mtu ndiyo akaiacha ifanyiwe majaribio, Sista anagonga meza kwa kalamu, wajumbe wanamtazama, ulimfundisha au hukumfundisha, hapana, hapana Sista, sikumfundisha, jibu liko tayari ulimini, bado hajalitamka