Asilimia Tisini na Tano

Kila Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi, mwandishi wa tovuti ya halmashauri alifungua dirisha, akapangusa vumbi la kibodi kwa kitambaa cha kijani, akafungua taarifa ya wiki iliyopita, akainakili, akabadilisha tarehe. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi. Aliifanya miaka tisa bila kukosea tarehe hata mara moja, na wenzake ofisini wakamwita Mama Kurasa.

Mstari wa saba wa taarifa hiyo ulisema daraja la waenda kwa miguu la Korongoni limekamilika kwa asilimia tisini na tano. Huko Korongoni hapakuwa na daraja. Palikuwa na kibao cha bati kinachosema ujenzi unaendelea, na kunguru aliyezoea kutua juu yake. Mama Kurasa alilijua hilo kuliko mtu yeyote, kwa sababu mama yake mzazi aliishi ng'ambo ya korongo, na tangu njia ya zamani iporomoke na mvua, kufika kwake kulitaka magari mawili na mwendo wa saa nzima. Bibi mwenyewe magoti yalikwisha kumgomea, hatoki. Binti alikwenda kula naye chakula cha mchana Jumapili moja kwa mwezi, akiangalia saa. Siku nyingine zote bibi alikula peke yake. Jambo hilo lilimuuma bintiye kila alipoufikia mstari wa saba, lakini kazi ni kazi. Alibadilisha tarehe.

Kisha akaja fundi wa mfumo mpya, kijana mpole mwenye mkoba mgongoni. Alieleza kwamba mfumo huu haukai ofisini. Unakaa mbali, kwenye mitambo ya watu, wao wanaita wingu, na hauhitaji kuguswaguswa. Ukiandika jambo mara moja, wenyewe unalipeleka kwenye tovuti, kwenye simu za wananchi na kwenye skrini ya mapokezi. Taarifa ya Jumatatu utainakili wenyewe na tarehe utabadilisha wenyewe. Hata picha za zamani utazichomoa maktaba, utazichapisha kwa saa uliyoupangia, na utaziondoa muda wake ukiisha. Mama Kurasa aliuliza yeye atafanya nini sasa. Fundi alimwambia atabaki na picha na maelezo ya chini ya picha.

Mwisho ilitokea orodha ndefu ya mahali pa kuunganisha, kila mahali na kisanduku chake cha tiki. Shemeji yake fundi alikuwa nje anapiga honi ya pikipiki. Fundi hakusoma orodha. Alishuka hadi chini kabisa, akaweka tiki palipoandikwa "Unganisha na vyote", akamalizia chai yake, akaaga.

Jumatatu iliyofuata, saa mbili na nusu, daraja likawepo. Korongo lina upana wa mita ishirini, na daraja lilikuwa na mita kumi na tisa, la chuma, na vishikio vilivyopakwa rangi ya bluu. Mita ya mwisho, upande wa ng'ambo, haikuwepo. Wanafunzi waliochelewa walivuka, wakaruka mita hiyo, wakaenda zao. Mhandisi wa halmashauri alifika na futi yake, akapima mara mbili, akasema ndivyo taarifa inavyosema, akaweka sahihi. Muuza vocha alihamishia meza yake pale kabla ya saa sita. Mambo mengine ya taarifa yalikuwa yamefika vilevile: stendi mpya, asilimia arobaini, ilikuwa paa lililokaa hewani bila nguzo, na abiria walishukuru kupata kivuli.

Jioni Mama Kurasa alisimama kwenye ncha ya daraja. Nyumba ya mama yake aliiona, na mlango ulikuwa wazi. Yeye angeweza kuruka, akikunja sketi, na aliruka. Mama yake hakuweza hata kupanda kizingiti bila kushika ukuta. Walikaa nusu saa, giza likaanza kuingia, na mita moja haichezewi gizani.

Kesho yake alikwenda kwa mkurugenzi kuomba mstari wa saba uandikwe mia kwa mia. Yeye mwenyewe hakuwa na ruhusa, namba ilikuwa imefungwa. Mkurugenzi alimsikiliza vizuri, hakuwa mtu mbaya.

"Mradi ukikamilika lazima uzinduliwe," alisema. "Na uzinduzi unataka mgeni rasmi. Mgeni rasmi tunamtafuta mwaka wa tisa huu. Tukiandika mia kabla yake, tutakuwa tumemkosea adabu."

"Na wazee wasioweza kuruka?"

"Wavute subira, mama. Tano ni ndogo. Tisini na tano si haba."

Mama Kurasa alirudi mezani amenuna. Alitafuta picha ya daraja zima, lakini nani angepiga picha ya kitu ambacho hakijawahi kuwepo? Alijaribu kuchora moja kwa rula, na mfumo ukaikataa.

Alhamisi, saa nne kamili, mfumo ulichomoa maktaba picha ya mwaka juzi, mkurugenzi akikata utepe wa shule ya chekechea. Wakati huo mkurugenzi alikuwa kwa kinyozi. Alijikuta chekechea, mkasi mkononi, amevaa suti ya mwaka juzi. Kwa kuwa alikuwa ameshafika, alikata utepe, akawapa watoto pole kwa masomo. Saa tano muda wa picha ukaisha, akarudi kwenye kiti, na kinyozi akaendelea kutoka alipoishia. Habari hiyo ilisimuliwa ofisini wakati wa chai, wakacheka kidogo, kisha wakahamia habari nyingine.

Mama Kurasa hakucheka. Chai yake ilipoa.

Nyumbani, ndani ya albamu, alikuwa na picha ya mama yake ya miaka kumi iliyopita, kabla njia haijaporomoka. Bibi ameketi jikoni kwa bintiye, gauni la kijani, mkono mmoja mezani, ameanza kusema jambo. Aliiweka kwenye mfumo. Chini yake aliandika: "Pichani, mkazi wa Korongoni akiwa upande wa pili wa daraja." Akapanga ichapishwe kila siku saa saba mchana na kuondolewa saa tisa. Akaomba ruhusa ya kwenda kula nyumbani.

Alipoingia jikoni, mama yake alikuwa ameketi pale pale.

"Chumvi umeweka?" bibi aliuliza. Ndilo jambo alilokuwa ameanza kusema.

Alivaa gauni la kijani, lile lile ambalo zamani lilikwisha kukatwa vitambaa vya vumbi. Magoti nayo yalikuwa ya miaka kumi iliyopita. Aliinuka bila kushika kitu, akasogea kwenye sufuria kuonja mwenyewe, akachutama kutafuta mwiko ulioanguka, akainuka tena. Binti alilia kidogo akikata kitunguu, na kitunguu kikabeba lawama. Walikula, wakapiga soga, wakamsema jirani. Saa tisa kiti kilikuwa kitupu, na upande wa pili wa korongo bibi alikuwa kwake analisha kuku wake, ameshiba, magoti yanamuuma kama kawaida.

Ikawa hivyo kila siku. Mama Kurasa alinenepa. Kwenye kibodi alianza kutumia kitambaa kingine, kwani kile cha kijani hakikuonekana tena.

Mwezi wa pili mkurugenzi aliiona picha. Alimwita, akamwuliza yule bibi ni nani.

"Ni mkazi wa Korongoni. Kila siku anafika upande huu."

Mkurugenzi alifurahi mno. Miaka tisa mradi haukuwa na mnufaika hata mmoja wa kuonyesha. Aliandika kwa mkono wake, na mfumo ukapeleka kila mahali: kwa kuwa wazee wanavuka, daraja limetimiza lengo, na asilimia tano iliyobaki haina haraka.

Mama Kurasa aliisoma taarifa hiyo kwenye skrini ya mapokezi. Alijisikia vibaya, na hakujifichia hilo. Ng'ambo kulikuwa na wazee wengine, na hakuna aliyekuwa na picha zao. Nje, mtoto wa shule alikuwa anapita na goti lenye bandeji. Saa saba kasoro dakika kumi alichukua mkoba wake akaenda nyumbani.

"Hivi lile daraja lenu vipi?" mama yake aliuliza, akinyoosha sahani. "Limefika wapi?"

"Tisini na tano, mama."

"Basi limekaribia," bibi alisema. "Niongezee mchuzi."