Swali la Saba

Mimi nimesoma hadi darasa la tatu, kwa hiyo nikichapia nivumilieni. Kazi yangu ilikuwa kuosha vyoo kwenye jengo la utafiti wa saratani, ghorofa nne, vyoo kumi na sita. Na humo humo mjukuu wangu alikuwa anafundishwa. Mimi namwita mke wangu, ndiyo utani wetu toka ananyonya kidole. Alishamaliza shule zote, mpaka ule udaktari wa vitabu usioshika sindano, nikajua sasa tumepumzika. Wapi! Kumbe ukishaupata unafundishwa tena, miaka mitatu, namna ya kuuwahi ugonjwa kabla haujala watu.

Walikuwa wawili, yeye na kijana mmoja tunamwita Mrefu. Nafasi ya kuendelea ilikuwa moja. Mke wangu aliitaka mpaka nywele zikawa zinamnyonyoka. Akaniomba, "Babu, kazini tusijuane. Watasema nimeingia kwa mlango wa nyuma." Nikacheka. Mlango gani wa nyuma nao, wa chooni? Lakini nikakubali. Tukipishana ukumbini ananiambia "shikamoo mzee" kama watu wote.

Kila Alhamisi Profesa wao alikuwa na kikao chake. Wenyewe walikiita machinjioni. Mama mdogo wa mwili, sauti ya pole pole, ila akikushika hakuachii. Alhamisi hiyo napitisha deki mlangoni, akaniita.

"Mzee, njoo. Tunataka mtu wa kawaida."

Nikaingia na ndoo yangu. Mke wangu akaangalia makaratasi yake ya kuhoji watu.

"Msomee swali la saba," Profesa akamwambia.

Akasoma: "Katika miezi mitatu iliyopita, umeona damu kwenye choo?"

"Nimeona, tena juzi," nikasema. "Ghorofa ya pili, cha kina mama. Nikakipiga dawa, kikang'aa."

Mrefu alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Na mimi nikacheka, si nimeona watu wanafurahi? Profesa hakucheka.

"Umewauliza wangapi hivi, binti?"

"Mia nne na kumi na wawili, Profesa."

"Kwa muda gani?"

"Mwaka na miezi miwili."

"Basi una watu mia nne na kumi na wawili waliokueleza usafi wa vyoo vyao. Hongera."

Hapo ndipo nikaelewa. Kumbe siyo choo cha kuingia, ni choo cha kutoka! Na kosa lile nalijua lilikotoka. Alipokuwa na miaka sita alitamka "mavi" mbele ya wageni, nikamfinya sikio mpaka likawa jekundu. Toka siku hiyo hakulisema tena. Mtoto mwenye adabu.

Nikaona nimwokoe. Mdomo huu!

"Mama, msimlaumu. Hata mimi aliponiuliza nyumbani nilijibu hapana, maana choo chetu kisafi. Ningejua anauliza haja yenyewe ningemwambia. Yangu ina damu siku nyingi."

Profesa akaweka kalamu mezani.

"Nyumbani?" Profesa akauliza.

"Huyu mjukuu wangu. Mimi ndiye namba moja wake, alianza na mimi."

Profesa akavuta faili, akafunua ukurasa wa kwanza kabisa. "Namba moja. Mwanamume, miaka sabini na moja. Damu: hapana." Akanigeukia. "Siku ile ilikuwepo, mzee?"

"Kidogo kidogo, mama."

Akamrudia mjukuu wangu, pole pole vile vile. "Mnakula meza moja. Simama. Waambie wenzako, namba moja umemfanya nini?"

"Nimempita, sikuuona ugonjwa wake."

"Sijasikia."

"Nimempita, Profesa."

Nikataka kumshika mkono, nikakumbuka nimevaa glavu za chooni.

Hospitali walinipasua, wakashona, wakaniwekea mfuko wa haja tumboni. Daktari, huyu wa visu, akasema, "Ungekuja mwaka jana, mzee," halafu akaanza kuangalia saa. Nafasi akapewa Mrefu. Akapewa na maswali ya mke wangu yote, kazi yake ya mwaka na ushei, limebadilishwa neno moja tu. Mke wangu akaambiwa akabidhi funguo.

Wiki iliyopita Mrefu kaja nyumbani na karatasi mpya. Kaniamkia vizuri, kakaa kwenye kiti cha mke wangu. Anasema inabidi warudie watu wote, kwa mpangilio, kuanzia namba moja. Mke wangu alikuwa jikoni ananichujia uji, maana mzito haupiti.

"Swali la saba, babu," Mrefu akasema, kwa sauti, kama nimekuwa kiziwi. "Katika miezi mitatu iliyopita, umeona damu kwenye mavi yako?"

Jikoni kijiko kikaacha kugonga sufuria.

"Ndiyo," nikamwambia.

Akatia tiki. Akatabasamu, jamani, kwa furaha ya kweli kabisa.

"Umeona? Sasa swali linafanya kazi."

Nikamwita mke wangu amletee mgeni maji. Akayaleta, akampa kwa mikono miwili, kama nilivyomfundisha.