Watu Wasiopakwa Rangi

Zenon alikuwa mkulima wa Kaengesa, mtu wa maneno machache na tumbaku nyingi. Kikohozi chake kilipoanza hakuna aliyeshtuka. Alitibiwa kifua, akapimwa TB, haikuonekana. Alipoanza kutema damu ndipo mkewe Luciana alipomfungia blanketi, wakaenda Mbeya, akapigwa picha na kukatwa kinyama cha pafu ili kipimwe. Majibu yalirudi hospitalini Sumbawanga mvua zikiwa zimekolea.

Siku ya kuyapokea, Nestory alifuatana nao. Huyo ni kaka mkubwa wa Zenon, na tangu baba yao afariki yeye ndiye aliyekuwa akiusemea ukoo. Akakaa kiti cha mbele. Daktari Mwasiti, binti wa wafanyabiashara wa Katandala, aliwaamkia wote shikamoo, kisha akakisogeza kiti chake hadi akawa anatazamana na Zenon. Akawaeleza polepole kwamba ni saratani ya mapafu, kwamba imeshaingia kwenye ini na mifupa, na kwamba hakuna dawa ya kuimaliza.

Nestory akasema waanze dawa yoyote iliyopo, ukoo umekubali.

Daktari akamjibu kwa heshima kwamba njia zipo mbili, na angependa mgonjwa mwenyewe azielewe. Akatoa kijitabu cha michoro. Ukurasa mmoja ulijaa watu wadogo, safu kwa safu, kama waumini kanisani. Wote hao, alisema, wana ugonjwa kama wa baba na wote wametundikiwa dripu za dawa kali, kama zile zinazotolewa Mbeya. Waliopakwa kijani ndio walioongezewa miezi. Walikuwa wachache. Njia ya pili ilikuwa kubaki nyumbani na kupewa dawa za kutuliza maumivu na pumzi.

Zenon aliutazama ule ukurasa muda mrefu. Akaweka kidole kwenye safu za chini.

"Hawa wasiopakwa rangi?"

"Dawa haikuwasaidia, baba."

"Lakini na wao walitundikiwa."

"Waliipata kama wenzao. Walitapika na kuchoka vilevile."

Nestory akasema picha ni za watoto wa chekechea. Daktari hakubishana naye. Alimkabidhi Zenon kijitabu, akawaomba wakazungumze nyumbani, kisha warudi.

Mchana mmoja mvua iliwazuia kwenda shamba. Luciana akakaa karibu na moto akimsomea mumewe, akiyageuza maneno kwa Kifipa pale Kiswahili cha hospitali kilipokuwa kigumu. Ukurasa wa mwisho uliuliza mgonjwa anaogopa nini kuliko vyote, na anataka nini kuliko vyote. Zenon akasogeza kuni motoni. Kisha akasema anaogopa kufia Mbeya, wodini, miongoni mwa watu wasiojua hata jina la ukoo wake. Alichotaka ni kuwapo nyumbani ulezi ukivunwa.

Luciana alitaka kumwambia aende. Alitamani awe mmoja wa wale wa kijani, hata kama ni kwa miezi michache. Neno lilimfika mdomoni. Lakini aliyeulizwa ni Zenon, na katika miaka yote ya ndoa yao watu walikuwa wamemwamulia mambo mengi, kuanzia shamba hadi mahari ya binti yao Coleta. Akakifunga kijitabu, akasonga ugali.

Waliporudi, Zenon alimwambia daktari chaguo lake. Nestory akainuka na kutoka nje. Daktari akawapa morfini ya maji, akamwonyesha Luciana namna ya kuipima, na akasema kubadili mawazo si kosa, ila wasichelewe.

Wiki zilizofuata hazikuwa mbaya. Zenon alilala, alikula uji, na jua likitoka alikaa pembeni mwa shamba akiwaangalia wanaopalilia. Kisha upepo wa baridi ukaanza, na pumzi ikaanza kumkimbia. Asubuhi moja alimkamata Luciana mkono.

"Mama Coleta, ile dawa ya Mbeya. Nataka kwenda."

Luciana akaenda kwa Nestory. Nestory alitafuta gari, wakamlaza Zenon nyuma juu ya godoro. Hospitalini Sumbawanga hakuweza hata kuketi. Daktari Mwasiti alimpima, akapiga magoti kando ya kitanda ili macho yao yalingane, akamwambia yeye mwenyewe kwamba mwili sasa hauwezi kuibeba dawa ile, kwamba itamuua kabla ya ugonjwa. Zenon akageuza uso ukutani. Wakamrudisha Kaengesa.

Alifariki ulezi ukiwa bado haujakauka.

Wakiwa matangani, Nestory alisimama mbele ya watu. Hakupaza sauti. Alisema ndugu yake alikuwa na dawa ya kutundikiwa, akasomewa kitabu badala yake, na aliyemsomea yumo humu ndani. Wanawake waliokuwa wamekaa na Luciana wakatazama chini. Coleta, aliyetoka Kirando alikoolewa, akataka kujibu; mama yake akamshika goti.

"Shemeji," Luciana akasema, "aliulizwa mwenyewe, akajibu mwenyewe. Mimi nilitaka aende."

Nestory alimkazia macho. Ilionekana hilo hakulitegemea.

"Ulimwambia?"

Luciana akavuta kanga mabegani.

"Sikumwambia."

Hatimaye katekista akawaomba watu wasimame kwa sala, nao wakasimama, Nestory akiwa wa kwanza. Luciana hakuinuka, na Coleta akabaki chini pamoja naye hadi sala ilipokwisha.