Sahani Mbili za Tambi

Mama Loisi hakuzaliwa jana. Mwanamume akimwalika mama mkwe wake kula hotelini siku ya Jumanne, pasipo harusi wala ubatizo, kuna jambo. Ndivyo alivyomwambia binti yake Hilda walipotoka Ihumwa, na ndivyo alivyoendelea kuamini walipoketi kwenye kimgahawa cha Kiitaliano huko Kizota, katikati ya karakana mbili za kuchomelea vyuma.

Tuseme haki, palikuwa pazuri. Meza sita, vitambaa vya mirabaraba myekundu na myeupe, mshumaa ndani ya chupa, na bei ambazo hata mwalimu wa shule ya msingi angezimudu. Loisi aliona yote hayo ni chambo.

Miezi mitatu sasa Hilda alikuwa akilalamika. Mumewe, Meshack, karani wa kampuni moja pale mjini, alikuwa akirudi nyumbani kachelewa, shati linanuka vitunguu saumu, simu kaigeuza kifudifudi. "Kuna mwanamke anampikia, mama." Loisi aliapa kwamba akimwona mwanamke huyo kwa macho yake, kesho yake Hilda na watoto wanahama. Mjomba wa Hilda alikwisha kuambiwa aandae gari.

Meshack aliwapokea kwa shikamoo ya heshima, akawavutia viti, halafu akarudi nyuma hatua mbili.

"Mniwie radhi. Mkwe hali mbele ya mama mkwe wake. Mimi nitakaa kule nyuma."

Loisi alimkodolea macho. Kweli, Wagogo wa zamani walikuwa hivyo: mkwe na mama mkwe hawatazamani wakitafuna. Lakini huyu Meshack! Huyu aliyekula naye Krismasi iliyopita, akamwahi kwenye paja la kuku! Tangu lini akajua mila?

"Kamfuata huyo mwanamke wake," Hilda alinong'ona, machozi yakimlengalenga.

"Nyamaza. Acha tuone."

Chakula kililetwa na mhudumu mmoja wa makamo aitwaye Uwesu. Tambi zilikuwa zimeshikana donge, kama ugali uliolala. Mchuzi wa nyanya ulikuwa mchungu kwa kuungua na chumvi imezidi. Mkate ulikuwa mgumu wa kuvunjia meno. Hilda hakugusa chochote. Loisi alimeza matonge mawili, akagundua kwamba Uwesu hajaondoka. Alikuwa amesimama kando, mara anaitazama sahani, mara anautazama mlango wa jikoni.

"Baba, mbona unatuhesabia matonge?"

"Nimeambiwa niangalie kama mnakula, mama."

"Na nani?"

Uwesu akaanza kukunja kitambaa ambacho kilikwisha kukunjwa. Loisi akaona sasa inatosha. Alizisukuma sahani zote mbili.

"Mrudishie aliyepika. Mwambie mbuzi wangu wa Ihumwa hawali hiki."

Uwesu alizibeba akiwa mnyonge, mtu angedhani kapewa taarifa ya msiba. Mlango wa jikoni ulipofunguka, ikasikika sauti ya mwanamke, nzito, isiyo na haya: "Meshack! Si nilikwambia?"

Hilda akajifunika uso kwa khanga. Loisi akainuka. Mama mkwe hamfuati mkwewe jikoni, hilo alilijua vizuri kuliko wote waliokuwamo humo. Akaenda.

Mwanamke alikuwapo kweli. Alikuwa na miaka sitini na ushei, mnene, mikono kiunoni, kitambaa cheupe kichwani. Mbele yake alisimama Meshack kavaa aproni iliyojaa nyanya, kashika sahani mbili zilizorudi.

"Mama," Meshack alisema bila kuinua macho. "Ni mimi niliyepika."

Kazi ya ofisini ilikwisha tangu mwezi wa pili. Walipunguzwa watu, naye akapunguzwa. Kila asubuhi alivaa tai akaja hapa kuosha masufuria, na jioni akajifunza kupika.

"Na leo ndio mtihani," mwanamke akadakia. Alikuwa Raheli, mwenye mgahawa, aliyefundishwa upishi na masista wa Kiitaliano. "Nilimwambia alete watu wake, asiwaambie nani kapika, maana wangemsifu bure. Sahani zikiisha, kesho anaanza upishi. Zikirudi, akatafute kwingine."

Loisi aliona aibu, aibu ya kweli, ya kumfanya mtu mzima atamani kuwa mahali pengine. Alimtazama mkwewe, vidole vimeungua, kucha zina unga. Kisha akamnyang'anya sahani moja.

"Nani kasema zimerudi? Nimezifuata."

Akala hapohapo, kasimama, mbele ya mkwewe. Zilikuwa mbaya vilevile. Alimaliza sahani yake, akavuta ya Hilda.

"Mama, usijitese," Raheli alisema taratibu. "Mimi mwenyewe nimezionja."

"Ulisema sahani ziishe," Loisi alijibu, mdomo umejaa. "Hukusema chakula kiwe kitamu."

Raheli alizipokea zile sahani mbili tupu, akaziweka kwenye karai, akamwambia Meshack kesho afike saa moja kamili, na chumvi asiiguse mpaka aambiwe.

Meshack alifungua mdomo kushukuru, Loisi akamkatiza.

"Vua hiyo aproni, uende ukamwambie mkeo mwenyewe. Analia pale mezani, anadhani ana mke mwenza."