Mashine Isiyojali Pini

Haya alinisimulia fundi mwenyewe, kiangazi cha mwaka jana, siku niliyompelekea gauni langu anipanulie kiuno. Mimi nimesimama kwenye kigoda, yeye amepiga magoti chini na pini mdomoni, mara akaanza kucheka peke yake. Nikamwambia tema kwanza hizo pini, ndipo unicheke. Akasema, "Sikucheki wewe, naicheka pete."

Fundi huyu watu humwita Mama Pindo, maana pindo likipita mikononi mwake halivutiki wala halifumuki. Marehemu mama yake aliacha mabinti wawili na pete moja ya dhahabu. Vidole viwili, pete moja. Baada ya mazishi wale mabinti walinuniana hata salamu wakawa wanatumiana kwa watu. Mwisho wakaelewana: mwaka huu avae dada, mwaka ujao avae mdogo mtu, na mwenye zamu ndiye anayesafiri kuifuata. Tangu hapo wakawa ndugu tena, miaka sita. Jumamosi ile dada alikuwa aje kuichukua. Alhamisi asubuhi, Mama Pindo anaosha vikombe, akatazama kidole chake akakikuta kitupu.

Akakumbuka kwamba jana yake alishinda kwenye cherehani akishona mapazia ya chumba atakacholala dada. Alipotaka kuitia cherehani mafuta, aliivua pete isichafuke, akaiweka mezani. Jioni alikusanya vipande vya vitambaa na nyuzi, akavitupa shimoni nyuma ya nyumba kama afanyavyo kila siku.

"Imekwenda na taka," alimwambia mumewe. "Dada atasema nimeiuza. Tutarudi kulekule, Baba Watoto. Safari hii hatutapatana tena."

Mumewe alikuwa mlinzi mstaafu, miaka kumi na minane alisimama mlangoni pa benki na kile kifimbo cha kukagulia watu. Aliposikia hivyo akaweka gazeti chini, akanyoosha kola.

"Kitu cha metali kimepotea?" alisema. "Umeshafika kwa mwenyewe. Twende tukanunue mashine."

Mjini kulikuwa na duka moja linalouza pampu, mizani na mashine za kutafutia metali. Muuzaji, kijana mpole mwenye penseli sikioni, akawatolea mbili zilizokwisha kutumika. Moja ilikuwa kubwa, duara lake la chini pana kama sinia la wageni. Nyingine ilikuwa nyembamba kama fimbo ya kuchungia mbuzi, duara lake dogo kama kisahani cha kikombe.

Mlinzi hakuuliza kitu. Aliishika ile kubwa, akaipima uzito, akajiona amerudi kazini. "Hii ndiyo mashine. Hii haipitwi na kitu."

"Kweli mzee, inakwenda chini sana," alisema muuzaji. "Wachimbaji wanaipenda. Lakini nyinyi mnatafuta nini, na wapi?"

"Pete. Kwenye shimo la taka."

"Shimo lina nini kingine?"

Mlinzi akamtazama mkewe. Mama Pindo akahesabu kwa vidole: pini, sindano zilizovunjika, zipu, vifungo, taka za fundi za miaka ishirini na minne.

Muuzaji akashusha penseli sikioni. "Mama, ukiingia na hii kubwa kwenye shimo hilo, italia mpaka majirani wahame."

"Mwenzangu," alisema Mlinzi kwa sauti ya kikubwa, "mimi nimekagua mawaziri na wezi. Mashine nzuri ni inayolia."

"Ulikuwa unakagua watu, Baba Watoto. Watu hawamezi pini." Mama Pindo alikuwa ameshafungua mkoba wake. Fundi hatembei bila pini; akazimwaga sakafuni kiganja kizima. Kisha akavua hereni yake ya dhahabu, akaiweka kando hatua moja. "Kijana, nionyeshe ipi inajua tofauti."

Ile kubwa ilipiga kelele juu ya pini, ikapiga kelele juu ya hereni, ikapigia kelele na viatu vya muuzaji. Wateja wa pampu wakaziba masikio. Muuzaji akachukua ile nyembamba, akazungusha kitufe chake kimoja. "Hapa nimeiambia iache chuma." Akaipitisha juu ya pini: kimya. Akairudisha: kimya. Akaifikisha kwenye hereni, ikaimba, sauti nyembamba tamu kama ya ndege.

"Hii," alisema Mama Pindo.

"Lakini zipu na vifungo vya shaba itaviimbia pia, mama, nisikufiche. Na sarafu."

"Viimbiwe tu. Pini ndizo zinazoniua."

Walipokaribia nyumbani Mlinzi akasema tu, "Ile kubwa ilikuwa na mkanda mzuri wa begani."

Alhamisi jioni na Ijumaa kutwa walikuwa shimoni. Mashine ilinyamazia pini kama ilivyoahidi, lakini kila ilipoimba Mama Pindo alichimba kwa mwiko akaibuka na kifungo. Walipata ndoo nusu ya zipu, vifungo vya makoti ya watu waliokwisha kunenepa, sarafu ambazo hazitumiki tena, na kijiko ambacho Mlinzi aliwahi kumsingizia mkwe wake. Pete hakuna. Ijumaa jua lilipoinama, Mama Pindo alikaa ukingoni mwa shimo, udongo mpaka kwenye viwiko.

"Nitamwambia nini?"

"Mwambie ukweli."

"Ukweli gani? Kwamba mama yetu nimemfagia?"

Mlinzi akamshika mkono akamwinua, akabeba mashine begani bila kuizima, wakaingia ndani. Wakapita chumba cha mgeni kufunga dirisha. Mlinzi alipomwona mkewe amekauka vile, akataka kumchekesha. Akasimama wima mbele ya mapazia kama yuko mlangoni pa benki.

"Samahani bibi pazia, inua mikono tukukague."

Akapitisha mashine kwenye pindo, kona ya kwanza. Kimya. Kona ya pili, kimya. Pazia la pili, kona ya kwanza, kimya. Kona ya mwisho, mashine ikaimba.

Wote wawili wakaganda.

"Rudia," alinong'ona Mama Pindo.

Akarudia. Ikaimba.

Hapo akaliona kosa lake lote. Fundi anayejua kazi hushonea kitu kizito kwenye kona za pazia ili litulie, na yeye hutumia washa, vile vibati vya chuma vya duara vinavyowekwa chini ya nati. Siku ile washa zilikuwa kwenye kisahani mezani, na pete aliiweka kwenye kisahani hichohicho. Mkono wake umezoea kushona bila macho. Ulichukua duara la nne ukalifungia ndani ya pindo. Kona tatu zilikuwa na chuma. Mashine ile kubwa ingelia kwenye zote nne, na wasingejua lolote.

Alifumua kwa meno, hakungoja mkasi. Pete ikamdondokea kiganjani. Akakaa chini, akalia, akacheka, akamwagiza mumewe aache kumtazama.

Jumamosi dada mtu akaja, akala, akaivaa pete, akaingia chumbani kujinyoosha. Punde akaita: "Mdogo wangu, wewe na sifa zako zote, mbona kona ya pazia imefumuka?"

Mama Pindo alijikuta amesema yote. Dada akafunika uso kwa khanga, mabega yakimtikisika.

"Unalia?"

"Nacheka! Mwaka juzi pete ilikaa kwenye bomba la sinki siku tatu. Fundi bomba aliapa kutokusema."

"Na hukuniambia!"

"Wewe ungeniambia? Basi sikiliza. Kuanzia leo mwenye zamu anakabidhiwa pete pamoja na mashine."

Dada akalala akiwa bado anachekea ukutani. Mlinzi alikuwa ameshalala zamani kitini sebuleni, mashine mapajani, kama yuko zamu. Mama Pindo alishona ile kona, safari hii akitia washa na kuiangalia mara mbili. Akakata uzi, akajilaza pembeni ya dada yake mchana ule wa joto. Tangu Alhamisi hakuwa amefumba jicho. Hakumaliza hata kuvuta mto, usingizi ukamchukua.